UZI: Tulipanda na skii milima ya Silvretta, theluji ikatufungia juu. Kati yangu na rafiki yangu, nani alikuwa sahihi?

Mpishi wa Innsbruck

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau aliona picha yangu kule jukwaa la picha akasema ni kazi ya kompyuta, eti Mbongo gani anasimama kwenye barafu amebeba skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mgongoni. Haya, nashusha kisa kizima hapa. Kuna ubishi ndani yake ambao mimi na rafiki yangu mpaka leo hatujaumaliza, nataka mniamulie. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kushoto.

Naishi Innsbruck, mkoa wa Tirol, Austria. Kazi yangu ni jikoni, hotelini. Huku kikifika kipindi cha baridi mpira unawekwa kando kidogo, stori ni theluji. Wengi huteleza kwenye vituo vyenye lifti: unakata tiketi, unapandishwa umekaa, unashuka kwenye njia iliyosawazishwa na mashine, na alfajiri kabla hujaamka kuna watu wameshalipua theluji ya hatari kwa baruti ili isikuporomokee. Sisi tulikwenda ambako hayo yote hayapo. Unapanda kwa miguu yako, unashuka kwa akili yako.

Najua swali la kwanza: mtu anapandaje mlima na skii? Chini ya kila skii unabandika kitambaa kirefu chenye manyoya, tunaviita ngozi. Zamani ilikuwa ngozi kweli, ya sili. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Manyoya yamelala upande mmoja, hivyo skii ukiisukuma mbele inakwenda, ikitaka kurudi nyuma inang'ang'ania. Kiatu kimeshikwa kwenye vidole tu, kisigino kinanyanyuka, unatembea. Ukifika kileleni unabandua ngozi, unafunga kisigino, unateremka. Umepanda kwa muda wa saa nne, unashuka kwa dakika arobaini. Nikiwapa hesabu hiyo jamaa zangu wa Dar wananiombea dua.

Tulikuwa wanne. Nesi mmoja Mtirol ambaye pia yuko kwenye kikosi cha kujitolea cha uokoaji milimani, yeye ndiye mwenye uzoefu. Mume wake, mwalimu, mtu wa kunyamaza. Fundi umeme kutoka Bolzano, upande wa Italia, huyo ndiye rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na ndiye niliyebishana naye. Na mimi.

Nakuja na sehemu ya pili, kuna sufuria jikoni.

Kibosho Juu

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, msituone washamba sana. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na skii zao na kushuka nazo. Ile barafu ya Furtwängler pale karibu na kilele ina jina la huyo wa kwanza. Kwa hiyo mchezo huu sisi umetupita mlangoni zamani.

Msafiri_KE

Na Kenya msitusahau. Philip Boit, Olimpiki ya majira ya baridi Nagano 1998, mbio za skii za kilomita kumi. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Halafu 2018 tukawa na Sabrina Simader kule PyeongChang, mzaliwa wa Kenya aliyekulia hukohuko Austria kwa mleta uzi. Endelea, mkuu.

Mama Wawili

Mimi nauliza tu: mnalipwa?

Mpishi wa Innsbruck

@Mama Wawili hatulipwi, dada yangu. Tunalipa. Cheka tu.

Naendelea. Tulianzia Galtür, kijiji kilicho mita 1,584 juu ya usawa wa bahari, mwisho kabisa wa bonde la Paznaun. Mtu wa Tirol ukimtajia Galtür ananyamaza kwanza. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji isiyokatika, poromoko la theluji liliangukia kijiji mchana watu wakiwa mitaani na majumbani. Walikufa 31. Kesho yake likaanguka lingine kitongoji cha jirani, Valzur, wakafa 7. Barabara ilikuwa imefungwa siku nyingi, watalii kwa maelfu wamekwama, ikabidi helikopta za kijeshi zije kuwatoa. Zilikuja mpaka za Wamarekani na Wajerumani. Baadaye walijenga ukuta mkubwa wa kinga wenye urefu wa zaidi ya mita 300, na ndani ya ukuta huohuo wakaweka makumbusho. Ukishuka kwenye basi unauona. Nesi wetu alitupitisha pale makusudi kabla hatujafunga skii. Hakutoa hotuba, alitupitisha tu.

Kutoka kijijini unaingia bonde la Jamtal, kama kilomita kumi za kupanda polepole hadi Jamtalhütte, mita 2,165. Ni nyumba ya wapanda milima ya chama cha Wajerumani, jengo la mawe la kutosha kabisa, lina jiko, vyumba vya kulala kwa pamoja, na sehemu ya joto ya kukaushia viatu inayonuka ukweli wote wa binadamu. Chakula ni supu, madonge ya mkate, chapati nene zilizochanwachanwa na kunyunyiziwa sukari. Kama mpishi sina malalamiko, mita elfu mbili juu hata chai ya maji ya theluji ni karamu. Ukifika unaandika kwenye kitabu jina lako na kesho unakwenda wapi, ili usiporudi wajue pa kukutafuta.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo picha hazionyeshi. Kila mmoja wetu alivaa kifuani, chini ya koti, kifaa kidogo cha ishara. Kinatoa mawimbi ya kilohetzi 457, vyote duniani ni hivyohivyo, awe Mkanada au Mjapani. Mtu akifukiwa, wengine wanageuza vyao kutoka kutuma kwenda kupokea na kumfuata alipo. Ukishamkaribia unachomoa fimbo nyembamba ya kuunganisha, ndefu kuliko mtu, unachoma theluji mpaka iguse mwili. Halafu koleo. Kila mtu na koleo lake, maana theluji iliyoporomoka ikisimama inagandamana papo hapo. Usidhani utaitoa kwa mikono.

Kwa nini kila mtu, na si kusubiri waokoaji? Kwa sababu ya dakika. Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza. Baada ya hapo wanaanza kufa kwa wingi, kwa kukosa hewa, si kwa baridi kama watu wanavyofikiri. Namba ya uokoaji milimani Austria ni 140, na wanakuja haraka mno, lakini dakika 15 ni chache kwa helikopta yoyote. Kwa hiyo mwokoaji wako ni yule unayepanda naye. Ndiyo maana kuchagua wa kwenda naye ni kazi nzito kuliko kuchagua mlima.

Kila jioni saa kumi na moja idara ya tahadhari ya Tirol inatoa taarifa ya kesho. Hatari inapimwa kwa madaraja matano. Wageni huogopa la 4 na la 5, kumbe siku hizo watu wengi wamekaa ndani. Linaloua wengi ni la 3, kwa sababu daraja la 3 linakuachia nafasi ya kujidanganya. Taarifa inakwambia pia tatizo ni nini: theluji mpya, theluji iliyohamishwa na upepo, theluji yenye maji, au tabaka dhaifu lililofichika chini. Hilo la mwisho ndilo baya. Theluji haikai kama bonge moja, inakaa tabaka juu ya tabaka. Kukiwa na baridi kali na theluji kidogo mwanzoni mwa msimu, zile punje za chini zinageuka kuwa nafaka zisizoshikana. Hebu fikiria keki nzito umeiweka juu ya mchele mbichi kwenye sinia, halafu sinia umeliinamisha. Inasubiri mtu mmoja tu. Na katika ajali nyingi sana huyo mtu ni mwathirika mwenyewe au mwenzake waliyekuwa pamoja.

Kibosho Juu

Sinia limeinamishwa kiasi gani?

Mpishi wa Innsbruck

Swali zuri. Nyuzi 30 na kuendelea. Chini ya hapo kipande cha theluji ni nadra kukatika na kuteleza. Kwa hiyo nusu ya elimu ya mchezo huu ni kusoma ramani na kujua mteremko upi una nyuzi ngapi, na nani yuko juu yako. Hilo la "nani yuko juu yako" likumbukeni, ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Siku ya kilele sitaisimulia sana, ilikuwa njema, na siku njema hazina mengi. Daraja lilikuwa la 2. Mlangoni nesi alitupitisha mmoja mmoja mbele yake kuhakikisha vifaa vyetu vinatuma. Tulitoka bado giza, taa kichwani, mpaka kwenye barafu ya Jamtalferner. Hapo tulijifunga kamba kwa sababu ya nyufa. Barafu hiyo inapungua kila mwaka, wanasayansi wameipima kwa miongo mingi, na unaona mwenyewe mawe yanavyojitokeza pembeni. Kupanda ni kama mita elfu moja. Hakuna anayezungumza. Unasikia ngozi zinavyokwaruza na pumzi yako tu. Kilele chetu kilikuwa Hintere Jamspitze, mita 3,156, mpaka wa Austria na Uswisi. Mguu mmoja huku, mwingine kule, na hakuna anayekuuliza pasi. Kilele cha Piz Buin kiko upande wa magharibi, kimesimama peke yake. Ndiyo ile picha.

Kushuka, wakuu, sina maneno. Theluji ilikuwa laini, haijaguswa. Penye mwinuko mkali tulishuka mmoja mmoja, wengine wakitazama, na hakuna aliyesimama chini ya mwenzake. Fundi umeme alikuwa anaimba kwa Kitaliano.

Jioni hiyo mawingu yakaingia.

Mama Wawili

Nilijua. Mtu akiimba tu kwenye hadithi, nyuma yake kuna balaa.

Mpishi wa Innsbruck

Hahaha. Taarifa ya saa kumi na moja ikasema kesho daraja la 4 juu ya mita 2,000. Upepo wa kaskazini-magharibi, theluji nyingi. Usiku kucha ilikuwa inapiga madirishani. Asubuhi ngazi za mlangoni hazionekani, theluji mpya imefika mapajani.

Hakuna aliyetaka kupanda popote, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa wa kushuka nyumbani. Ilikuwa Jumapili, na fundi umeme alikuwa na zamu Jumatatu alfajiri, bosi wake alikuwa ameshamwonya mara moja kwa kuchelewa. Hoja yake, naieleza kwa haki kabisa, ilikuwa hii: njia ya bondeni ni karibu tambarare. Hatukanyagi mteremko wowote wa nyuzi 30. Sisi hatuwezi kulivunja tabaka, hatuko juu yake. Tukiachana mita hamsini hamsini na kwenda haraka, ndani ya saa moja na nusu tuko Galtür.

Nesi alisema: sisi hatuko juu yake, lakini lenyewe liko juu yetu. Jamtal ni bonde jembamba, kuta pande zote mbili zimejaa mzigo wa usiku, na siku ya daraja la 4 theluji haihitaji mtu kuivunja, inashuka yenyewe. Mwenye nyumba akasema vilevile, kwa maneno machache zaidi: "Leo mnakunywa kahawa."

Mwalimu kanyamaza. Nikabaki mimi.

Hapa ndipo nataka mnielewe. Rafiki yako anakutazama. Unajua anaweza kupoteza kazi. Unajua pia kwamba akisema "twende" na wewe ukasema "twende", mnakuwa wawili kwa mmoja, na nesi huenda akalegea ili asionekane mwoga. Sisi tuliolelewa kwetu tumefundishwa kutomwaibisha mtu mbele za watu, hasa mwenzako, hasa kwa kazi yake. Ni malezi mazuri kwa mambo mengi. Pale mezani niliyaona yanavyoweza kuua mtu. Tarehe 28 Desemba 1999, mwaka uleule wa Galtür, watu tisa walikufa kwenye poromoko karibu na nyumba hiyohiyo tuliyokaa, na walikuwa na waongozaji wa kazi, wenye vyeti. Ujuzi ulikuwepo. Kwa hiyo nilisema siendi, na kwamba asiende yeye peke yake pia.

Alinijibu kwa hasira. Hayo ya kwetu sitayaandika.

Halafu likatokea hili. Saa tatu asubuhi kundi lingine la watu sita, Wajerumani, wakafunga skii wakashuka. Mwenye nyumba aliwaambia asichopenda kuwaambia, wakaenda. Saa sita mchana wakapiga simu: wako Galtür, wanakunywa bia. Fundi umeme akaweka simu mezani bila neno, akanitazama mimi.

Tulilala usiku mwingine. Asubuhi anga lilikuwa safi na baridi kali, taarifa imeshusha daraja, tukashuka mapema kabla jua halijapiga kuta za bonde. Njiani kulikuwa na mabaki ya maporomoko yaliyokatiza njia sehemu kadhaa, mabonge ya theluji kimo cha kiuno. Yameanguka Jumapili asubuhi, mchana au usiku? Hakuna aliyejua. Fundi akasema: unaona, yamekatiza njia, lakini wale sita walipita. Mimi nikasema: unaona, yamekatiza njia.

Bosi alimkata siku. Kazi hakufukuzwa. Mpaka leo anasema nilimpotezea mshahara wa siku kwa hofu tupu, na ushahidi anao, watu sita wazima. Sasa amueni.

Msafiri_KE

Mimi niko na fundi. Wale sita ni ushahidi. Wewe una nini? Hisia.

Dada wa Tanga

@Msafiri_KE hapana, kaka. Mtu akivuka barabara kuu bila kutazama akafika ng'ambo, amethibitisha nini? Kwamba siku hiyo gari halikupita.

Msafiri_KE

Lakini kwa mantiki hiyo huwezi kushindwa ubishi kamwe. Akifa, umeshinda. Asipokufa, "ilikuwa bahati". Hiyo si haki.

Mpishi wa Innsbruck

@Msafiri_KE umegusa penyewe, na ndiyo maana sijaweza kumjibu fundi akaridhika. Jikoni nikizidisha chumvi sahani inarudi dakika hiyohiyo, najifunza. Mlimani unaweza kuamua vibaya msimu mzima na kila jioni unarudi, unakula, unalala, na kila kurudi kunakuongezea imani kwamba wewe mjuzi. Hakuna sahani inayorudi. Ndiyo maana wenye uzoefu wengi wanakufa, si wageni tu. Kwa hiyo sikubali kupimwa kwa kilichowapata wale sita. Nipime kwa tulichokijua saa mbili asubuhi tukiwa mezani: daraja la 4, bonde jembamba, mwenye nyumba anayeijua Jamtal kaangalia nje na kukataa. Kwa hayo, uamuzi ulikuwa mmoja. Sisemi poromoko lingetukuta. Huenda tungefika salama kabisa.

Lakini fundi ana hoja moja sijaipangua: yeye ndiye aliyelipa. Nesi ana ajira ya kudumu, mwalimu ana likizo yake, mimi nilikuwa siku ya mapumziko. Tahadhari yetu watatu ilikatwa kwenye mshahara wa mmoja.

Kibosho Juu

Basi mngemchangia.

Mpishi wa Innsbruck

Tulijaribu. Alikataa pesa, akakubali chakula. Nimempikia pilau mpaka mke wake akaniomba nipunguze. Na tangu hapo kabla ya kutoka tunakubaliana mambo mawili: hakuna mwenye zamu siku inayofuata kurudi, na mmoja yeyote akisema hapana, tunarudi bila kumuuliza sababu. Hilo la pili ni la nesi. La kwanza ni la fundi mwenyewe, alilitoa bila kuniangalia usoni.

Mama Wawili

Haya, nimeamua. Ulikuwa sahihi, na pilau ulidaiwa kihalali.

Msafiri_KE

Mimi bado niko na fundi, lakini nimeelewa. Swali la mwisho, niko Calgary, milima naiona dirishani, na kuna wenzangu kazini wananiita kila wikendi. Naanzia wapi?

Mpishi wa Innsbruck

@Msafiri_KE anza kituoni kwenye lifti mpaka ushuke theluji ya kila aina bila kuanguka hovyo, maana ukianguka katikati ya mteremko mbaya unawaweka wenzako wote hapo wakikusubiri. Halafu chukua kozi ya maporomoko ya ngazi ya kwanza, huko Kanada inachukua siku mbili na hata kama wenzako wanajua kila kitu, ichukue mwenyewe. Taarifa za kila siku zinatolewa bure na Avalanche Canada, anza kuzisoma sasa hivi hata kama huendi popote, ujizoeze kulinganisha walichosema na unachokiona dirishani. Skii, viatu na ngozi kodi kwanza, usinunue. Kifaa cha ishara kikiwa cha kukodi, kiombe siku moja kabla, weka betri mpya, na mfanye mazoezi ya kutafutana na hao wenzako bustanini. Mmoja azike kifaa kwenye begi, wengine mtafute, mshike saa. Yule atakayesema mazoezi ni ya watoto, muulize ana zamu Jumatatu.